Baiskeli Isiyokuwa na Taa

Mpishi wa mgahawa alitoa kichwa kwenye kidirisha cha jiko akapiga ukelele, "Haji! Kahawa yako!" na watu wawili tukaitika kwa pamoja, "Naam!" Hii ilikuwa Tanga, mwaka huu, nyuma ya soko, asubuhi ya manyunyu yaliyonizuia kwenda nilikokuwa nakwenda. Wateja walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ile naam ya mwenzangu ilikuwa ya kwetu: imevutwa kidogo mwisho, haina haraka, kama mtu anayefungua mlango huku akitazama nani anabisha. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mwanamume aliyenizidi umri, kofia yake ya viua imefifia, na alipotabasamu nikaona mwanya. "Haji wa wapi wewe?" aliniuliza. Nikamwambia wa Unguja, mjini, Malindi. "Mie Unguja vilevile," akasema, "lakini wa shamba. Wa Dole." Nilikuwa nimeshika kashata. Niliirudisha sahanini.

Nimeshapita miaka arubaini, na nimekaa miji mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili zake. Mombasa nimekaa, Lamu, Mikindani, Kigoma, na sasa Tanga, ambako nasema nitatulia na hakuna anayenisadiki. Watu wakiniuliza nini kinachonihamisha huwajibu kwa mzaha kwamba nyayo zangu zina upupu. Jibu la kweli ni refu zaidi, na linaanzia Dole. Sitaeleza hapa habari za wazee wangu wala za skuli, kwani hazina tofauti na za wenzangu. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, katika ile miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana nisiyekijua kisiwa changu mwenyewe. Mtoto wa mjini wakati ule aliijua njia ya skuli, njia ya msikiti, njia ya pwani na njia ya kurudi kwao. Kilichobaki chote, kuanzia ng'ambo ya daraja mpaka Makunduchi, tulikiita shamba, kana kwamba ni mahali pamoja penye mlango mmoja.

Mwaka huo nilipata kazi Kizimbani, kwenye mashamba ya serikali ya mikarafuu na viungo. Nilikuwa karani wa majaribio. Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao vya bati vinavyochomekwa penye vitalu vya miche, mdalasini huku, hiliki kule, kungumanga pale, na kuviandika upya kila mvua ilipofuta rangi. Karani mkuu alikuwa Bwana Salum, mtu mkavu, mwenye kanzu isiyopata kujikunja hata akikaa. Siku ya kwanza alinionesha kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi, mabaki ya ile reli ya zamani ya Bububu. "Kikigongwa asubuhi, uwe umeshafika," alisema. "Kikigongwa adhuhuri, nenda utakako. Kikigongwa tena, nikuone hapa. Mwaka mmoja nitakutazama. Kazi hii, bwana mdogo, ina mlango mmoja wa kuingilia na mia ya kutokea." Nilikuwa nimeingia kwa mlango ule mmoja baada ya kubisha milango mingi, na nilikuwa naitaka kazi ile kama mgonjwa anavyotaka alfajiri.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nilibaki Malindi, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la kamba na turubai. Kila nikikumbuka mwaka ule huanza kunusa lami ya kamba zile, halafu vitunguu vya mwenye nyumba vikikaangwa, halafu mafuta ya mnyororo, maana baiskeli ilikuwa ikilala chumbani pamoja nami. Niliinunua kwa fundi mmoja wa Darajani aliyeitwa Kassim, mfupi, mcheshi, ambaye alizungumza na spana mdomoni. Ilikuwa nyeusi, imekwisha kazi kidogo lakini imenyooka, na nyuma ilikuwa na karia kubwa la chuma, pana kama kitanda cha mtoto. Karia lile lilikuwa limelegea. Kila nilipopita penye bonde au jiwe lilipiga kelele kama sufuria zilizoanguka. Mbele, chini ya usukani, palikuwa na mkono mtupu wa kushikia taa, wala taa haikuwapo. "Taa iko wapi?" nilimuuliza Kassim. "Hii imekuja hivi," alinijibu. "Panda mchana, lala usiku, kama binadamu wengine." Nilicheka, lakini lilikuwa jambo la kufikiri, kwani askari walisimama Darajani kila magharibi wakiwakamata wapandao baiskeli zisizo na taa. Basi nilipaswa kufika kazini kabla ya reli kulia, na kurudi mjini kabla ya jua kuzama, na katikati ya mambo mawili hayo ndipo nilipoanza kutafuta njia.

Njia ya kwanza ilikuwa ile ya kila mtu: Funguni, Saateni, Mtoni, Kibweni, bahari ikiwa mkono wa kushoto mpaka Bububu, halafu unageuka kulia na kupanda. Asubuhi ilikuwa tamu. Lami ilikuwa na umande, wanawake wa Kibweni wamebeba ndoo, na pale Bububu kulikuwa na muuza chai aliyeweka mkate wa kumimina chini ya kawa, nami nikila kipande kwa kusimama, mguu mmoja juu ya pedeli. Lakini jioni, wakati wa kusi, upepo ulinijia usoni kutoka Bububu mpaka mjini kama mtu aliyeniwekea mkono kifuani. Mara mbili tatu niliingia Darajani nikiisukuma baiskeli, jua limeshazama, nikijifanya nimeteremka kwa hiari. Mwenzangu wa ofisini, Othman, kijana wa Bububu mwenye maneno mengi, aliniambia, "Wewe unapita njia ya magari. Kuna na njia ya watu. Ya magari iko kwenye ramani. Ya watu lazima uulize." Nikamwambia anioneshe. "Sijui," akasema. "Mie kwetu Bububu, nnateremka tu."

Kwa hiyo nikaanza kuitafuta mwenyewe, wakati wa mapumziko ya adhuhuri. Wenzangu walikaa bandani kula muhogo wa nazi na kuteta. Mimi nilifunga muhogo wangu katika jani la mgomba, nikaufunga juu ya lile karia, nikaondoka. Sijui niueleze vipi udadisi ulionishika. Kila kijia kilichoingia mikarafuuni kilikuwa kama mazungumzo niliyoyasikia nusu nikitaka kujua yaliishaje. Kimoja kilinipeleka kwenye kisima na wasichana waliokuwa wakifua. "Huyo kapotea!" alisema mmoja. "Hajapotea," akajibu mwenzake, "karani huyo, anatafuta mke na haya inamzuia kuteremka." Chengine kilinipeleka kwenye mchanga ulionimeza matairi. Chengine kilikuwa kizuri mno, bapa, chenye kivuli, mpaka msimu ulipofika nikakuta kimetandikwa majamvi ya karafuu kutoka ukingo mpaka ukingo, nyekundu na kijani zikigeuka kahawia juani. Niliinyanyua baiskeli begani nikaanza kupita pembeni, kwa ncha za vidole. "Weye!" alipiga kelele bibi mmoja kutoka barazani. "Ukikanyaga moja, utanichumia pishi!" Nikamwamkia shikamoo nikiwa na mguu mmoja hewani. "Marahaba," alisema, "na huo mwengine uweke juu ya jiwe."

Kisha nikaipata njia yenyewe. Ilitoka nyuma ya vitalu vyetu, ikapita katikati ya mikarafuu mikongwe, ikateremka taratibu mpaka nyuma ya nyumba za Dole, na kutoka hapo nikaona ningeweza kwenda Kianga, nikatokea Welezo, na mji ukawa chini yangu. Kwa mchana ilinitosha kwenda, kula, na kurudi kabla ya reli. Kwa jioni ilikuwa mteremko karibu njia nzima, na miti ilinizuilia upepo. Njia ya watu ilikuwa hii. Mahali pamoja ilipita karibu sana na ua wa makuti wa nyumba moja, na hapo mzizi mnene wa mfenesi ulikatisha njia. Mimi sikuteremka. Niliupiga mbio, baiskeli ikaruka, karia likapiga makelele yake, nikapiga kengele kwa furaha.

"Haji!"

Ilikuwa adhuhuri kamili, ile saa ambayo kivuli chako kimekusanyika miguuni na hakuna mtu nje. Nilitazama nyuma. Hapakuwa na mtu, ila ua wa makuti na mfenesi. "Haji! Haji weee!" iliita tena, sauti ya mwanamke, nyembamba, inayovutwa. Sote tuliolelewa Unguja tulifunzwa jambo moja tangu utotoni: ukiitwa kwa jina lako na usimwone akuitaye, usiitike. Hujui ni nani. Ukisema naam, umeshampa mkono. Na hapa Dole sikumjua mtu, wala mtu hakunijua jina. Niliikanyaga pedeli. Sikusimama mpaka nilipoona vibao vyangu mwenyewe vya bati, mdalasini, hiliki, kungumanga.

Siku ya pili nilijiambia mtu aliyesoma haogopi makuti. Nikapita tena. Nikaruka mzizi, karia likalia, na sauti ikaniita vilevile. Siku ya tatu niliacha kupiga kengele, na bado ikaniita. Baada ya hapo nikaihama njia ile. Nilirudi kwenye mchanga, na kwenye karafuu za yule bibi, na siku moja, nikiwa nimeibeba baiskeli katikati ya majamvi, nikasikia kwa mbali chuma cha reli kikigongwa. Bwana Salum alikuwa amesimama mlangoni nilipofika. Hakunigombeza. Alitazama miguu yangu iliyojaa vumbi, akasema, "Mara hii nimeiona. Ya pili sitaki kuiona." Mchana uliofuata nilibaki bandani, na Othman akaniuliza mbona siendi. Nikamweleza, nikitarajia atacheka. Alikuwa akitafuna, akaacha. "Imekuita kwa jina?" aliuliza. "Kwa jina." "Haji?" "Haji wee." Othman alitema kipande cha pilipili. "Alhamdulillahi hukuitika," alisema. "Kwetu kuna mtu aliitika. Mpaka leo anazungumza na ndizi." Wazee waliokuwa bandani walisema hili na lile. Mmoja alisema nivae hirizi, mwengine alisema nibadilishe jina, na wa tatu, aliyekuwa amelala na kofia usoni, akasema bila kuiondoa, "Au ateremke akatazame." Wote walimnyamazisha. Lakini mimi nilikuwa nimeshashikwa na lile neno. Niliogopa, ni kweli. Ila nilikuwa na hamu ya kujua iliyozidi hofu kidogo tu, na maisha yangu yote yamekwenda kwa kile kidogo.

Siku iliyofuata niliteremka kabla ya mzizi, nikaisukuma baiskeli juu yake taratibu. Karia lilitikisika mara moja. "Haji," iliita sauti, safari hii bila kupiga kelele, kama mtu aliyechoka. Nikaegemeza baiskeli kwenye mfenesi, nikazunguka ua, nikasimama penye mlango wake, na badala ya naam nikasema, "Hodi." Sauti ikajibu, "Karibu. Hatimaye." Ndani palikuwa na uwanja mdogo uliofagiwa mpaka ukang'aa, jiko la mafiga matatu, na juu ya mkeka mwanamke mzee aliyekuwa akisuka ukili. Vidole vyake havikusimama nilipoingia, wala macho yake hayakunigeukia. Yalikuwa meupe yote mawili. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mwanamke wa makamo ya dada yangu mkubwa, amejifunga kanga, mkono kiunoni, na huyo macho yake yalitosha kwa wawili.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema. "Marahaba. Keti. Asha, mpe maji." Yule Asha hakutoa maji. "Wewe ndiye unayepita hapa na baiskeli ya ndugu yangu?" alisema. "Unamfanya mama aite mchana kutwa kama mwadhini, na wewe unakimbia?" Nikasema baiskeli ni yangu, nimeinunua, na kwamba sikumwona aliyeniita. "Nimefunzwa nisiitike nikiwa sijamwona mtu." Bibi alisimamisha vidole. "Ukanidhani shetani?" Mwili wake mdogo ulianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni. "Asha! Umesikia? Leo nimekuwa shetani! Baba yako aliniita hivo miaka yote, na watu hawakumsadiki." Hata Asha akalegea mdomo. Nikamwuliza bibi, ambaye jina lake lilikuwa Bi Mize, alijuaje jina langu. "Jina gani?" "Haji." "Wewe unaitwa Haji?" "Naam." "Basi kumbe nilikuwa nakuita wewe," alisema, "na mie nikidhani nnaita baiskeli."

Mambo yalikuwa hivi. Mwanawe Haji alikuwa muuza mikate. Alfajiri alikwenda mjini na tenga tupu juu ya lile karia, akarudi na boflo za moto, akazigawa Welezo, Kianga, Dole, mpaka Kizimbani. Siku moja kabla ya msimu alikwenda na tenga lake asirudi. Mmoja alileta habari kwamba kaonekana bandarini. Mwengine akaleta habari kwamba kuna kijana katumbukia baharini, na hakuna aliyemjua jina. Tangu hapo nyumba ile ilikaa katikati ya habari mbili, haina matanga wala haina matumaini. Kisha adhuhuri moja Bi Mize akasikia karia likilia juu ya mzizi. "Nilijua si yeye," aliniambia. "Mwanangu akifika hapo huteremka, asivunje mikate. Wewe unaruka kama mbuzi. Lakini aliyeipanda baiskeli anajua kaipata wapi. Ningekuitaje, na sikujui jina? Nikaita la mwenyewe." Alinyoosha mkono hewani, nikaelewa, nikaenda kuileta baiskeli mpaka mkekani. Aliipapasa kwa mpango, kiti, karia, mnyororo, usukani, hadi vidole vyake vikafika kwenye ule mkono mtupu wa mbele, vikakaa hapo. Halafu akasema, "Nenda ukamuulize aliyekuuzia. Nataka kujua jambo moja tu: aliiuza kwa mikono yake mwenyewe, au iliokotwa?"

Asha alikuwa amepakua muhogo wa kuchemsha na papa wa kuchoma. Nilisema lile neno letu la adabu, "Nshakula, ahsante," na tumbo langu likaunguruma mbele za watu. "Tumbo halina adabu kama wewe," alisema Asha. "Kula." Nilikula upesi, nikaona kwamba Bi Mize hakugusa chochote. Asha alinisindikiza mpaka kwenye mzizi. "Hali mchana," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile. Anasema mchana ndio wakati wa mtoto kurudi, atakula naye. Ukileta habari mbaya, nipe mie kwanza."

Jioni ile niliteremka Kianga na Welezo bila kuona miti. Mlango wa Kassim ulikuwa umeshafungwa nusu. "Ile baiskeli," nilimwambia, "ulinunua kwa nani?" Alitoa spana mdomoni. "Kwani ina nini? Imeibwa?" "Nataka kujua tu." "Kwa kijana mmoja. Mrefu. Ana mwanya, anacheka ovyo." Nikakaa juu ya tairi. "Alikuja mwenyewe?" "Alikuja mwenyewe, na tenga la mikate kichwani, akanipa na boflo. Tukapatana. Akatoka, akafika pale kwenye kona, akarudi. Akaomba bisibisi. Akaifungua taa. Nikamwambia, ebo, unaniuzia baiskeli kipofu? Akasema, 'Hii sikuuzii, Bwana Kassim. Hii nitaihitaji.' Akaifunga ndani ya kitambaa akashika njia ya bandarini." Kassim alinitazama. "Mbona unacheka peke yako?" Sikujua kwamba nacheka. Askari wawili walikuwa wameshasimama Darajani, na nilipita mbele yao nikiisukuma baiskeli yangu isiyo na taa kana kwamba nasindikiza arusi.

Mchana uliofuata sikungoja mwangwi wa reli uishe. Nilimkuta Bi Mize ameshakaa penye mlango wa ua, ukili mapajani, na Asha amesimama nyuma yake hata kabla sijateremka, akinisoma uso. Nilisahau kwamba Asha aliniomba nimpe yeye kwanza. Nikasema yote papo hapo, mwanya, kicheko, boflo, bisibisi. Bi Mize hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja. "Taa kaichukua?" "Kaichukua, bi mkubwa. Kassim kaona kwa macho yake." Akarudia kwa nafsi yake, "Kaichukua taa." Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo Mombasa, Lamu, Mikindani na Kigoma. "Mtu asiyetaka kurudi hachukui taa. Taa huichukua mwenye kujua kwamba atafika usiku." Akaukunja ukili wake taratibu, akaufunga. "Asha," akasema, "pakua. Na mie nipakulie."

Tangu siku hiyo njia ile ilikuwa yangu. Nilikwenda kula Dole karibu kila adhuhuri, na jioni nikapita tena nikishuka mjini. Hakuniita tena Haji, aliniita Haji Mwengine, na watu wa Dole wote wakafuata, mpaka yule bibi wa karafuu akawa anapaza sauti, "Haji Mwengine! Nimekuachia nafasi ya tairi!" na kweli alikuwa akiyavuta majamvi yake shubiri moja ili nipite. Nikajifunza kwamba njia ya watu haipimwi kwa urefu. Niliwahi reli siku zote kwa sababu watu walinijua, walinisogezea ndoo, walinifukuzia ng'ombe, waliniambia mvua imekata wapi. Taa sikununua. Mara nyingi nilisimama mbele ya duka nikaitazama moja inayong'aa, nikaondoka. Ule mkono wa mbele niliuona una mwenyewe. Mwaka ulipokwisha Bwana Salum alinithibitisha kazini, akanipa mkono mkavu kama kanzu yake. Nilikaa msimu mmoja zaidi. Lakini nilikuwa nimeshaonja, na kila nilipoandika kibao cha bati macho yalikuwa yakitazama pale kijia kinapoingia mitini. Nilipopata nafasi ya kwenda Mombasa, niliipeleka baiskeli Dole, nikaiegemeza kwenye ukuta wa Bi Mize. Asha aliniuliza nitarudi lini. Nikasema inshallah, na yeye, aliyeijua inshallah ya vijana, akaniambia, "Na wewe chukua taa basi." Nilidhani ni mzaha. Nimerudi Unguja mara kwa mara tangu hapo, kwa siku mbili, siku tatu, baina ya meli na meli, lakini Dole sikufika tena.

Sasa, pale mgahawani Tanga, yule mwenye mwanya alikuwa ameihamishia kahawa yake mezani kwangu. Nilimwuliza kama aliwahi kuuza mikate. Aliweka kikombe chini. "Nani wewe?" "Sema kwanza ulirudi au hukurudi." Akacheka, kicheko kile kile cha ovyo ambacho Kassim alinieleza, ila kimechakaa kidogo. "Nilirudi," alisema. "Nilikwenda kwa mwezi mmoja, ukawa miaka. Wewe unaijua hiyo, nnakuona usoni. Nikarudi mchana mmoja, na mzigo wangu. Kitu cha kwanza naiona baiskeli niliyoiuza mjini imeegemea ukuta wa kwetu. Nikadhani nshakufa. Nikapiga hodi. Mama akauliza, 'Nani?' Nikasema, 'Mimi Haji.' Unajua aliniambia nini? Mama yangu mzazi? Aliniuliza, 'Haji yupi?'"

Alingoja nicheke, nami nilishindwa. "Halafu," akaendelea, "nikapiga magoti, akanishika uso, akajua. Hakuuliza hali. Akasema, 'Taa iko wapi?' Mie taa niliiuza papa hapa Tanga, wiki niliyofika, nikanunua chakula. Nikamwambia imo mzigoni. Akasema, 'Itoe.' Nikabaki nimeinama. Akanipapasa kichwa. Akasema, 'Haidhuru. Umefika mchana, huihitaji.'" Akavuta pumzi. "Alikula na mimi siku ile. Aliishi miaka mitatu tena baada ya hapo. Na kila jioni, baiskeli ikipita njiani, ya mtu yeyote, alinyanyua kichwa. Si kwa ajili yangu, mie nimekaa pale pale ubavuni pake. Akimsikiliza yule mwengine, aliyetuletea baiskeli."

Kidirisha cha jiko kilifunguka. "Haji!" mpishi aliita. "Kahawa ya pili!" Nilimtazama mwenzangu, nikangoja aitike, kwa kuwa jina lilikuwa lake kabla ya kuwa langu. Aliisukuma sahani ya kashata mpaka mbele yangu.

"Itika wewe," alisema. "Mie nshaitika. Wewe ndiye aliyekuwa akikungoja mama."